PAKA ALIYEGONGWA NJIANI: HAKI YAKE NA NAMNA YA KUMUUGUZA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aonaye kinachotambaa na kinachoruka, wala hapitikiwi na kilio cha mnyonge. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa maswali yaliyoletwa katika darsa yetu limo moja ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka kabla halijasomwa lote. Lasema hivi: mtu wa Mtangawanda anafuga paka nyumbani kwake, na paka huyo amegongwa na pikipiki katika njia itokayo gatini. Hakufa, lakini hawezi kusimama. Je, mwenye paka ana wajibu gani mbele ya Mungu? Na akitaka kumuuguza, afanyeje?

Waliocheka walisema kuwa dini ina mambo makubwa kuliko paka. Sisi twasema kuwa ukubwa wa jambo haupimwi kwa kimo cha aliyeumia, bali kwa amana iliyo shingoni mwa aliye mzima. Na swali lenyewe ni la wakati wetu. Mtangawanda ni bandari ya kisiwa cha Pate. Hapo ndipo vishushapo watu vyombo vitokavyo Lamu, kwani mji wa Pate wenyewe haufikiki kwa chombo ila maji yakijaa. Zamani mwenye kushuka hapo alikwenda kwa miguu, au juu ya punda, na nyau (kama wazee wetu wa visiwani walivyozoea kumwita paka) alikuwa na nafasi ya kumpisha punda. Leo pikipiki humngoja abiria gatini, ikamchukua mbio. Chombo kimebadilika, lakini paka ni yule yule, na masikio yake hayajazoea mwendo huo.

Tutalijibu swali kwa sehemu mbili, hukumu kisha huduma. Mwenye kujua hukumu asijue huduma atakuwa na nia njema na mikono yenye kudhuru; na mwenye kujua huduma asijue hukumu atachoka siku ya tatu, akamwacha mgonjwa wake.

SEHEMU YA KWANZA: HUKUMU

Kwanza tuondoe lisilo na asili. Watu wengi husimulia kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kwamba siku moja alikata mkono wa vazi lake ili asimwamshe usingizini. Kisa hiki ni kitamu masikioni, lakini hakina isnadi katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, wala si halali kumnasibishia Mtume tendo kwa sababu tu latupendeza. Tena hatukihitaji, kwani yaliyo sahihi yatosha.

Katika yaliyo sahihi ni khabari ya Abu Qatada (R.A.). Aliingia nyumbani kwa mwanawe, na mke wa mwanawe, Bibi Kabsha binti Kaab bin Malik, akamtilia maji ya kutawadha. Akaja paka, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Bibi Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha ya kwamba paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani mwetu. Wameipokea Hadithi hii Abu Daud na Tirmidhi na wengineo. Faida yake kwetu ni hii: asikatae mtu kumgusa paka mgonjwa kwa hoja ya udhu, kwani kumgusa hakutengui udhu, wala jasho lake na mate yake si najisi. Damu yake na mkojo wake ndivyo najisi, navyo huoshwa kwa maji, basi. Nguo iliyoingia damu ya mgonjwa hufuliwa. Si udhuru wa kumwacha njiani.

La pili ni khabari mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim kutokana na Abdullahi bin Umar (R.A.), ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tuizingatie sababu yake vyema. Hakuadhibiwa kwa kumfuga, bali kwa kuwa alimfungia ndani, asimlishe wala asimwachie akajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Maana yake ni kwamba mwenye kukata njia ya riziki ya mnyama, riziki hiyo imehamia juu yake. Na paka aliyevunjika kiuno amekatiwa njia hiyo na ajali yenyewe. Hawezi kuwinda panya wala kwenda pwani kuokota utumbo wa samaki. Na sisi tukimfungia ili mifupa yake iunge, tumeikata njia hiyo mara ya pili. Basi chakula chake, na maji yake, na usafi wake, vyote vimekuwa juu yetu mpaka apone.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuliacha jambo hili katika mawaidha tu, bali wamelitia katika sheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj, mwisho wa mlango wa nafaka, kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Na akikataa, hakimu humlazimisha ama kumlisha, ama kumuuza, au kumchinja kama ni wa kuliwa. Na paka haliwi. Basi mtu hana la kufanya ila kumtunza, au kumkabidhi kwa atakayemtunza. Kumtupa jaani si katika hayo.

La tatu ni khabari ya mtu aliyemwona mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno, akapanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwajulisha kuwa upo ujira katika kumhudumia kila chenye uhai. Nasi twataka msomaji atazame kazi aliyoifanya mtu yule. Hakusimama ukingoni akamhurumia mbwa kwa moyo tu. Alitafuta chombo, na alipokikosa alitumia kiatu. Mikono ilipohitajika kwa kupandia, alitumia meno. Huruma yake ilikuwa na akili ndani yake.

Na hapa ndipo penye shina la darsa yetu. Watu wetu wa pwani hawana upungufu wa huruma kwa paka. Upungufu wao ni katika kujua, na huruma isiyojua huweza kuua. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Nasai na Ibn Majah kuwa mwenye kujitia utabibu, naye hakujulikana kwa elimu hiyo, ni mwenye kudhamini madhara atakayoyaleta. Tukiyaweka hayo mbele yetu, tuingie katika huduma.

SEHEMU YA PILI: HUDUMA

I. Saa ya kwanza

Paka aliyegongwa, hata akiwa ni yule alalaye mapajani mwa watoto, huuma na kuparura kwa maumivu na khofu. Msimwendee kwa kelele. Mtu mmoja amwendee polepole kutoka ubavuni, amfunike kwa kanga au taulo, pamoja na kichwa, huku pua ikiachiwa hewa. Kisha asukumwe taratibu juu ya ubao, au sinia kubwa, au mlango wa kabati, mgongo ukiwa umenyooka, na hapo ndipo achukuliwe. Asining'inizwe kwa miguu, wala asibebwe begani kama mtoto, maana huenda uti wa mgongo umepasuka, na kumkunja ni kumaliza kilichosalia.

Akiwa amemuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku ile ile, kwa ajili ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao paka pia huupata, na kwa ajili ya pepopunda. Jambo hili lisidharauliwe, kwani kichaa cha mbwa kikishadhihiri kwa mwanaadamu, ni nadra mno apone.

Kama pana damu itokayo kwa wingi, bonyezeni kwa kitambaa safi bila ya kufunua funua, kwa dakika kadhaa. Kisha tazameni mambo mawili. La kwanza ni pumzi. Paka aliyetulia hupumua kiasi cha mara 20 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40 naye amelala kimya, au akipumua kwa kinywa wazi, kifua kimeumia. La pili ni ufizi. Ufizi wa paka mzima ni wa rangi ya waridi, ila kwa wale wenye ufizi mweusi kwa maumbile. Ukigeuka mweupe, damu yapotea, hata kama haionekani nje. Dalili hizi mbili hazingoji asubuhi.

Mlazeni mahali penye kivuli, pakimya, na kama masikio na miguu yake ni baridi, wekeni karibu naye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Msimpe maziwa wala chakula kwa wakati huo, wala msimmiminie maji kinywani. Aliyelegea huyavuta mapafuni, na huenda tabibu akahitaji kumlaza kwa dawa ya usingizi, jambo litakalo tumbo tupu.

Wala msidanganyike akiinuka na kwenda mwenyewe. Paka huficha maumivu yake kwa maumbile. Aweza kugongwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akajificha chini ya kitanda, na ndani yake kibofu cha mkojo kimepasuka, au limepasuka lile pazia la nyama litengalo kifua na tumbo. Paka akirudi na kucha zilizochanika na manyoya yaliyoingia vumbi na mafuta, yumkini amegongwa na chombo, japo hakuna aliyeona.

II. Dawa ziuazo

Hapa twaomba mama zetu na vijana wetu wasome mara mbili.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, ni sumu kwa paka. Sababu yake ni kuwa ini la paka halina nguvu lililo nayo ini la mwanaadamu ya kuivunja dawa hiyo ikatoka mwilini. Basi hugeuka sumu, ikaiharibu damu isiweze kuchukua hewa. Ufizi huwa wa rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi ilhali mapafu yapo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua. Ibuprofeni humharibu tumbo na mafigo. Aspirini hukaa mwilini mwake siku nyingi, hata kipimo kidogo kikirudiwa hujikusanya kikawa kikubwa. Basi mwenye kumpa paka nusu ya kidonge chake mwenyewe, kwa kumwonea uchungu, huenda akamfisha kwa mkono uleule aliomlishia.

Kadhalika dawa za kusafishia zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini: paka hujiramba, na hicho kilicho juu ya manyoya huingia tumboni. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo, na mafuta ya karafuu, ingawa kwetu ni dawa ya jino. Wala msijaze jeraha majivu, au manjano, au unga wa kahawa. Jeraha huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yametiwa chumvi kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, katika nusu lita. Jambo hili ni jepesi, ni rahisi ya bei, na lipo katika kila jiko.

Ama hirizi ya kumfunga shingoni, au kombe la kumnyweshea, twasema kwa ndugu zetu bila ya kuwatukana: dua ni ibada, na mwombeni Mungu amponye, kwani Yeye ndiye Mponyaji. Lakini Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta dawa, na uzi shingoni mwa paka mgonjwa hauungi mfupa, bali huweza kumkaba.

III. Kumpeleka kwa tabibu

Mifupa isifungwe vijiti na asiyejua. Hata mwunga mifupa hodari wa watu asimfunge paka kwa namna amfungavyo mtu. Mguu wa paka ni mwembamba, na kitambaa kikikaza damu hukatika, mguu ukaoza. Kazi ya nyumbani ni kumtuliza asijongee. Kazi ya kujua kilichovunjika ni ya tabibu wa wanyama.

Twajua kuwa mtu wa Mtangawanda atasema: tabibu yuko mbali, na bahari ni kati yetu. Ni kweli. Chombo hupita mlango wa Mkanda, na safari hufuata maji. Lakini leo simu imo mfukoni mwa kila kijana. Mpigieni afisa wa mifugo wa kaunti kabla ya kuondoka, mwelezeni hesabu ya pumzi na rangi ya ufizi, mpelekeeni picha. Huenda akawaambia njooni sasa hivi, huenda akawaambia mtulizeni hadi kesho. Mkisafiri, mtieni katika kikapu kigumu chenye mfuniko na matundu ya hewa, juu ya kanga iliyokunjwa, mbali na jua na mawimbi na joto la mashine. Asitiwe guniani.

Wako waonao haya kumpeleka paka kwa tabibu, wakiogopa kuchekwa. Tangu miaka ya 1980 mjini Lamu pamewekwa kituo cha kutibu punda, kilichoanzishwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, na Waamu wengi wamewapeleka punda wao huko pasi na haya yoyote. Ikiwa haya imeondoka kwa punda kwa kuwa hutubebea mawe na mchanga, basi na iondoke kwa paka atulindiaye mchele na panya.

IV. Arubaini ya mgonjwa

Tuseme tabibu amemwona, na amesema kuwa ni nyonga iliyovunjika, na kwamba akitulizwa itaunga yenyewe. Hii ni ajali ya kawaida kwa paka waliogongwa, na wengi wao hupona kwa kutulizwa tu, bila ya kupasuliwa. Muda wake ni kiasi cha wiki nne hadi sita. Waungwana wa pwani waijua maana ya arubaini: mzazi hutulizwa ndani, akalishwa, akasingwa, wala haambiwi ainuke kwa kuwa siku ya kumi ameona nguvu. Paka naye ana arubaini yake.

Mwekeni katika chumba kidogo au tenga kubwa, penye nafasi ya kulala, na ya bakuli la maji, na ya beseni la chini lenye mchanga, wala pasiwe na kitu cha kurukia. Siku ya kumi atalia atoke, nayo ndiyo siku ya hatari, kwa sababu maumivu yamepungua na mfupa haujaunga. Wengi humfungulia siku hiyo kwa kumwonea huruma, akaruka dirishani, akarudi mwanzo. Hapa huruma ni kumkatalia.

Kama hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa chache, na mbadilishieni tandiko, asije akafanya vidonda. Mtegeeni chandarua, kwani nzi akitaga juu ya jeraha, mabuu hutoka kwa siku moja au mbili katika joto letu. Akiramba mshono, mvisheni shingoni duara la boksi, mfano wa kawa lililokatwa ncha, lakini mlivue mkimlisha kwa mkono.

Angalieni sana mkojo. Ikipita siku nzima bila ya kukojoa, au tumbo likawa gumu naye akalia akiguswa, hiyo ni khabari ya kumfikishia tabibu mara moja. Khasa yule ambaye mkia wake umelegea kama kamba: mishipa ya mkia na ya kibofu hutoka mahali pamoja, na ikivutika kwa ajali, mkojo hufungika au hutoka wenyewe. Msiuvute mkia huo.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, na kiwe cha uvuguvugu, kwani paka hula kwa pua kabla ya kinywa. Samaki aliyechemshwa kwa maji matupu, akatolewa miiba yote, ni chakula chema. Mchuzi wetu haufai, kwa kuwa kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu yake. Maziwa huwaharisha wengi katika paka wakubwa. Maji safi ni bora. Na akikaa siku mbili hali kitu, msiseme "atakula akishikwa na njaa". Paka si kama mbwa; akikosa kula siku kadhaa, ini lake hujaa mafuta, likashindwa kazi, naye akafa kwa ini ilhali mguu wapona. Mlisheni kwa kidole, mpakazeni kidogo mdomoni, na mkishindwa mwambieni tabibu.

Kazi hii wapewe watoto sehemu yake, chini ya macho ya mkubwa. Mtoto aliyepewa amana ya kubadilisha maji ya mgonjwa kila asubuhi kwa siku arubaini amejifunza mlango wa nafaka kabla hajausoma kitabuni.

V. Pale tiba isipofaa

Huenda tabibu akasema kuwa mguu mmoja hauponi na lazima ukatwe. Msikate tamaa kwa hilo. Paka wa miguu mitatu huishi, hula, hupanda hata ukuta. Lakini huenda akasema kuwa uti umekatika, maumivu hayazuiliki, wala hapana tamaa ya kupona. Je, yafaa kumpumzisha kwa kumfisha?

Hapa wanachuoni wamekhitalifiana, na ni wajibu wetu kulisema lilivyo. Katika madhehebu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfa, amesema kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kwa kumpumzisha. Katika madhehebu ya Malik, Sheikh Khalil, katika Mukhtasar yake, ametaja kuwa yafaa kumchinja asiyeliwa akikatiwa tamaa. Na wako wanachuoni wa zama hizi waliofuata njia hiyo, kwa hoja ya kumwondolea adhabu isiyo na mwisho. Mwenye kushika kauli ya kwanza na ashike, amtulize mnyama wake kwa dawa ya maumivu aliyopewa na tabibu mpaka ajali yake ifike. Mwenye kuifuata ya pili asifanye kwa kuchoka au kwa kuogopa gharama, bali baada ya tabibu kukata shauri, na kwa njia isiyo na mateso, kwani Mtume (S.A.W.) ameamrisha wema hata katika kuua. Wala asimtukane mmoja mwenziwe. Lakini lipo ambalo wote wamekubaliana kulichukia: kumwacha akajiburura njiani siku tatu, au kumtia guniani na kumtosa baharini, na kusema "ni paka tu".

VI. Wajibu wa mwenye pikipiki, na wa mji

Vijana wetu wa pikipiki watafuta riziki ya halali, na kisiwa kina haja nao. Hatuwalaumu wote kwa kosa la mmoja. Ila kijana aliyemgonga mnyama na ajue kuwa kusimama ni wajibu wa uungwana, na kumtafuta mwenyewe, na kushirikiana naye gharama kwa kadiri ya uwezo. Mafakihi wamesema kuwa mwenye kumpanda mnyama hudhamini anachokivunja mnyama huyo. Basi mwenye chombo cha mashine, ambacho hakina akili yake mwenyewe, ni aula zaidi. Na usiku apunguze mwendo, maana paka akipigwa na taa machoni huduwaa mahali pake, hakimbii.

Na sisi wenye mji tuna letu. Paka huenda penye harufu. Tukipasua samaki kando ya njia na kutupa utumbo pale pale, tumewaita paka wa mtaa mzima, na paka shume wa maporini, kwenye mwendo wa magurudumu. Utumbo ukatupwe mbali na barabara. Hili halihitaji mchango wala mkutano. Lahitaji mtu mmoja aanze.

KHATIMA

Muhtasari wa darsa kwa wanafunzi ni huu. Paka afugwaye ana nafaka juu ya mwenyewe, na ajali haiiondoi nafaka hiyo bali huizidisha. Kumgusa si najisi. Saa ya kwanza ni ya kumtuliza na kumhesabu pumzi, si ya kumnywesha maziwa. Dawa ya mtu si dawa ya paka, na parasetamoli humwua. Mkojo na chakula ndivyo vya kuangaliwa kila siku. Na arubaini yake itimizwe, hata akilia afunguliwe.

Ama yule ndugu yetu wa Mtangawanda, twamwambia: swali lako halikuwa la kuchekwa. Mwenyezi Mungu amekuwekea mnyonge mlangoni mwako, asiyeweza kukushukuru kwa ulimi wala kukushitaki kwa hakimu. Mtulize, mlishe, muulize ajuaye kabla ya kumpa kitu, na umwombee. Ukishafanya hayo, apone au afe, wewe umetoka katika dhima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie huruma yenye elimu, na elimu yenye huruma, na awaponye wagonjwa wetu wote, wanenao na wasionena. Amin.